Je, Mtu Huzaliwa Mhalifu? Somo juu ya Ubongo, Damu na Hiari



Tuseme katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, katikati ya Uvira na Makobola, yupo kijana wa miaka 19 aliyejiandikisha kufundishwa dini. Baba yake alijulikana pwani yote kwa kuiba nyavu, na ndagala walioanikwa mchangani. Babu yake alifia gerezani, kwa kuwa alimwua jirani kwa panga katika ugomvi wa shamba. Kijana mwenyewe hajaiba hata sindano. Lakini siku ile jina lake linaposomwa kanisani, wazee wawili wanamwendea katekista jioni na kumwambia kwa sauti ya chini: “Baba katekista, usipoteze bure maji ya Ubatizo. Mwana wa nyoka ni nyoka.”

Tuseme tena ya kwamba katika kijiji hicho hicho kijana mwingine amekamatwa usiku na mbuzi wa watu. Anapoulizwa na chifu mbele ya baraza, hakani. Anajibu tu: “Mzee, nitafanya nini? Ndivyo nilivyozaliwa. Damu ya ukoo wetu ni kali.”

Tazameni vema. Wazee wale na mwizi huyu wanasema neno moja. Wazee wanalitumia ili kumfungia mlango asiye na kosa, mwizi analitumia ili kujifungulia mlango yeye mwenye kosa. Wote wanaamini ya kwamba uovu umo ndani ya damu, na mtu hana la kufanya.

Siku hizi methali ile ya nyoka imevaa nguo mpya. Katika redio na simu twasikia ya kwamba waganga wa Ulaya na Marekani wameona chanzo cha uhalifu katika ubongo, au katika kile kinachoitwa jeni. Baadhi ya habari hizo ni kweli, baadhi zimekuzwa kupita kiasi, na baadhi zilikuwa uongo mtupu uliowasaidia wenye nguvu kuwadharau wanyonge. Basi yatupasa kuzipepeta kama mwanamke apepetavyo mpunga wa Ruzizi, wala tusiogope, kwa maana ukweli wote watoka kwa Mungu, hata ule unaopatikana hospitalini.

ROHO NA UBONGO

Mwenyezi Mungu alimwumba mtu mwenye mwili na roho. Hivyo viwili si mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba moja, bali ni mtu mmoja. Roho ndiyo yenye akili na hiari, lakini hapa duniani hutenda kazi kwa njia ya mwili, na zaidi sana kwa njia ya ubongo, kile kiungo laini chenye uzito wa gramu 1,300 au 1,400 hivi kilichofichwa ndani ya fuvu. Mvuvi hodari akipewa kasia lililopasuka, mtumbwi wake utayumba, ingawa yeye anajua kazi yake. Mfano huu hautoshi, kwa sababu roho haikai mwilini kama mvuvi akaavyo mtumbwini. Lakini watusaidia kuelewa mambo mawili nitakayosimulia.

Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, msimamizi mmoja wa kazi ya njia ya reli, jina lake Phineas Gage, alikuwa akishindilia baruti katika jiwe. Baruti ikawaka kabla ya wakati. Chuma alichokishika, chenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi, kikampenya chini ya jicho kikatokea juu ya kichwa. Watu walidhani amekufa. Kumbe, baada ya muda mfupi aliketi akasema nao! Akapona. Lakini rafiki zake walishuhudia ya kwamba hakuwa tena mtu waliyemjua. Zamani alikuwa mpole, mwenye kushika shauri. Sasa alikuwa mtu wa matusi na papara, wa kuanza jambo na kuliacha. Sehemu ya mbele ya ubongo wake ilikuwa imeharibika, nayo ndiyo itusaidiayo kujizuia na kufikiri matokeo ya tendo kabla hatujalitenda. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wanaosimulia habari zake huliacha mara nyingi: Gage hakuwa mwizi wala mwuaji. Miaka iliyofuata alikwenda hadi nchi ya Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria, kazi itakayo uangalifu, mpaka alipougua na kufa mwaka 1860.

Jambo la pili ni la juzi tu. Mwaka 2000, katika jimbo la Virginia, mwalimu mmoja mwenye umri wa miaka 40, ambaye hapo kwanza hakuwa na sifa mbaya ya namna hiyo, alianza kushikwa na tamaa chafu kwa watoto. Alishtakiwa na kuhukumiwa. Kisha akaumwa sana na kichwa, akapelekwa hospitali, na waganga wakaona ndani ya kichwa chake uvimbe mkubwa kama yai, ulioikandamiza sehemu ile ile ya mbele ya ubongo. Wakaukata. Tamaa ile ikakoma. Baada ya miezi kadhaa tamaa ikarudi. Waganga wakatazama tena, na uvimbe ulikuwa umeota upya. Wakaukata mara ya pili, na tamaa ikakoma tena. Habari hii iliandikwa na waganga wake mwaka 2003.

Mtu aweza kuuliza: Je, huyo alitenda dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha ya kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kabisa ya kuwa ni ovu, naye alikubali kwa hiari yake. Kisha yasema ya kwamba hatia ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea, au mambo mengine ya nafsi na ya maisha ya mtu. Basi mwalimu yule alijua ya kuwa tendo ni ovu, na hata mwenyewe alisema hivyo, lakini nguvu yake ya kujizuia ilikuwa imeshikwa na ugonjwa. Kiasi gani ilishikwa, Mungu peke yake ndiye apimaye. Sisi twaweza kusema hili tu, ya kwamba tendo lilikuwa ovu, ya kwamba watoto walistahili kulindwa naye, na ya kwamba hatia yake si sawa na hatia ya mtu mzima wa kichwa atendaye hayo kwa kupenda.

Lakini msije mkasema sasa ya kwamba kila mhalifu ana uvimbe kichwani! Wenye uvimbe wa ubongo ni wengi hospitalini, na karibu wote hawajamdhuru mtu. Na wahalifu waliojaa magerezani, karibu wote hawana uvimbe wowote.

Hapa nitatoka njiani kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wenye kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Mara nyingine mtoto huupata kwa kuumia wakati wa kuzaliwa, mara nyingine kwa malaria iliyopanda kichwani, mara nyingine kwa mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia tumboni pamoja na chakula au maji machafu. Mate yake hayaambukizi. Si pepo, si laana, na mwenye kifafa si mtu wa hatari. Akianguka karibu na moto au majini, mshikeni mumwondoe upesi. Kisha mpelekeni kwenye kituo cha afya, kwa sababu dawa zipo. Nimesema haya kwa kuwa wapo wamwogopao mgonjwa wa kifafa kuliko mwizi.

MAMBO TUNAYORITHI

Mkulima akikata vipande vya muhogo wenye ugonjwa wa mozaiki na kuvipanda shamba jipya, mimea mipya nayo itakuwa na majani yaliyokunjamana, kwa sababu kipande ni muhogo ule ule. Watu wengi wafikiri ya kwamba ukoo wa binadamu ni hivyo hivyo. Sivyo. Mtoto si kipande cha baba yake. Hupokea nusu ya urithi wa mwili kwa baba na nusu kwa mama, na mafungu hayo huchanganywa upya kwa kila mtoto, hata ndugu wa tumbo moja hawafanani. Urithi huo umo katika chembe za mwili, nao ni kama maagizo madogo madogo. Ndiyo hayo yaitwayo jeni. Kila mtu ana jeni kama 20,000. Ndizo zitoazo rangi ya ngozi na kundi la damu, na kwa njia yake magonjwa mengine, kama ule wa selimundu, hutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto.

Je, jeni zaweza pia kumpa mtu hasira ya upesi, au moyo wa kupenda hatari? Ndiyo, kwa sehemu. Kila mama aliyelea watoto wengi ajua ya kwamba huyu alizaliwa mtulivu na yule alizaliwa na kelele. Mwaka 1993 waganga wa mji wa Nijmegen, huko Uholanzi, walieleza habari za jamaa moja ambamo wanaume kadhaa walikuwa na akili dhaifu kidogo, nao wakikasirika walishindwa kujizuia. Mmoja alichoma nyumba moto, mwingine alimshambulia mwanamke, mwingine alimpiga mtu. Waganga wakaona ya kwamba wote wana jeni moja iliyoharibika, ambayo kazi yake ni kusaidia kuusafisha ubongo mabaki ya vitu vinavyopeleka habari ndani yake. Ugonjwa huo ni wa nadra sana duniani. Tena mganga mwenyewe aliyeuona ndiye aliyewaonya watu wasiuite “jeni ya uhalifu”, kwa kuwa jeni haiwezi kumwamuru mtu achome nyumba hii na kuiacha ile.

Habari nyingine yatoka New Zealand. Katika mji wa Dunedin wataalamu waliwafuata watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utoto mpaka utu uzima. Mwaka 2002 walitangaza ya kwamba miongoni mwa wavulana, wale waliokuwa na namna dhaifu ya jeni ile ile (namna hiyo si nadra, wanaume wengi sana wanayo) nao wakapigwa na kuteswa utotoni, ndio waliokuwa wepesi zaidi kuwa watu wa jeuri. Wengine waliokuwa na jeni hiyo hiyo, lakini wakalelewa vema, hawakuwa hivyo. Wataalamu wengine waliojaribu baadaye wameona hivyo, wengine hawakuona. Kwa maoni yangu habari hii yawahusu wazazi kuliko mahakimu. Mzazi hawezi kuchagua damu atakayompa mwanawe, lakini fimbo aichukuayo mkononi anaichagua.

Hata hivyo mahakimu nao wameisikia. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ya Trieste, katika Italia, ilimpunguzia mwaka 1 wa kifungo mtu mmoja kutoka Algeria aliyekuwa amemwua mwenzake, na moja ya sababu ilikuwa jeni hiyo. Wengine walisifu huruma ya mahakama. Lakini fikirini: ikiwa leo hakimu atasema “damu yake ilimsukuma, basi tumpunguzie”, ni nani atakayemzuia mwingine asiseme kesho, “damu yake ni mbaya, basi tumfunge kabla hajatenda neno”?

Najua ya kwamba mkatekumeni mwenye akili kali atainua mkono hapa. Basi nitamjibu kwa namna ya katekisimu.

Swali: Kanisa lafundisha ya kwamba sote tumerithi dhambi ya Adamu. Mbona basi wasema ya kwamba uovu haurithiwi?

Jibu: Dhambi ya asili si tendo ambalo mtoto amelitenda, ni hali aliyozaliwa nayo, ya kukosa utakatifu ule Mungu aliowapa wazazi wetu wa kwanza. Nayo si ya ukoo wa mwizi peke yake. Ni ya ukoo wa chifu, na wa katekista, na wa padri, sawasawa.

Swali: Je, Ubatizo huiondoa?

Jibu: Huiondoa kabisa. Lakini baada ya Ubatizo bado hubaki ule mwelekeo wa kutenda mabaya, ambao kila mmoja hupigana nao mpaka kufa. Mwelekeo huo si dhambi mpaka mtu aukubali.

WALIOPIMA VICHWA VYA WATU

Sasa nafika kwenye jambo lililofanyika katika nchi zetu za Afrika Mashariki, nalo nataka mlikumbuke kila msikiapo mtu akisema ya kwamba kabila fulani limezaliwa hivi au vile.

Kwanza kulikuwako Italia mganga mmoja wa mji wa Turin, Cesare Lombroso. Alishika fuvu la mtu maskini wa Calabria aliyehesabiwa kuwa mnyang'anyi, akaona shimo dogo nyuma yake, akasema amegundua siri: mhalifu huzaliwa mhalifu, naye hutambulikana kwa fuvu, taya na masikio. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Wataalamu waliokuja baadaye waliwapima wafungwa na watu huru, wala hawakuona tofauti hiyo. Lakini mbegu ilikwisha kutupwa.

Ilipofika Nairobi ilimea vibaya. Katika miaka ya 1930 waganga wa Kizungu wa huko Kenya, akina H. L. Gordon na F. W. Vint, walipima vichwa vya Waafrika na ubongo wa waliokufa, wakatangaza ya kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo na haukukomaa sawasawa. Baada yao alikuja J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 mpaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alifundisha ya kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana ile sehemu ya mbele ya ubongo, hata amefanana na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo na waganga. Ndugu zangu, mnaelewa maana ya maneno hayo? Kwamba ninyi nyote, pamoja na mama zenu na babu zenu, ni sawa na Phineas Gage baada ya chuma kupita kichwani mwake.

Wakati huo Kenya ilikuwa vitani. Serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, kwa sababu ya wale walioitwa Mau Mau, wengi wao Wakikuyu. Watu hawa walilia kwa ajili ya ardhi, kwa maana mashamba mazuri ya nyanda za juu yalikuwa mikononi mwa walowezi. Miongoni mwao walikuwako waliotenda mauaji ya kutisha, hata ya wanawake na watoto, na Wakristo Wakikuyu waliokataa kiapo waliuawa. Hatuwezi kuyaita hayo mema. Mwaka 1954 serikali ilimtaka Carothers aeleze chanzo cha mambo hayo, naye akaandika kijitabu. Alikiona chanzo zaidi katika nafsi ya Mkikuyu, iliyovurugika katikati ya mila za kale na maisha mapya, kuliko katika kilio cha ardhi. Mnaona faida yake kwa mtawala. Mtu akisema “umenitwalia shamba”, yakupasa kumjibu juu ya shamba. Lakini ukisema ya kwamba nafsi yake ina ugonjwa, huna haja ya kumjibu. Wamtia kambini tu. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi. Ilipofika mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake kwa ajili ya mateso yaliyotendwa makambini, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228.

Kosa la Carothers lilikuwa wapi? Mambo mengi aliyoyasema juu ya Waafrika wote aliyatoa kwa wagonjwa waliofikishwa hospitalini kwake. Ni kama mtu akaaye mlangoni mwa hospitali ya Uvira mwaka mzima, akihesabu walioletwa, kisha aandike ya kwamba watu wa Uvira wote ni viwete. Mwafrika mwenziwe katika kazi ya uganga, Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, alimpinga tangu miaka ile ile ya 1950. Yeye aliwatibu wagonjwa wa akili kule Abeokuta, wakiwa wamekaa pamoja na jamaa zao katika vijiji vya jirani, na watu wa mbali walikuja kujifunza kwake. Baadaye Lambo huyo alifanywa makamu wa mkurugenzi mkuu wa Shirika lile lile la Afya Duniani lililochapa kitabu cha Carothers.

Sisi wa ziwa hili tusijidhanie safi. Ng'ambo ya Ruzizi, katika Burundi, na zaidi katika Rwanda, zilipimwa pua na vichwa wakati wa Wabelgiji, na mnajua damu iliyomwagika baadaye kati ya watu waliofundishwa ya kwamba wana damu mbalimbali. Na huku kwetu, katika uwanda na milimani, mara ngapi mmesikia ikisemwa ya kabila la jirani: “Hao ni wauaji tangu tumboni mwa mama zao”? Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, wamisionari Waksaveri Luigi Carrara na Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na jioni ya siku hiyo Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Kanisa liliwatangaza kuwa wenyeheri hapa hapa Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Wajukuu wa watu wa maasi yale walikuwa na haki ya kuja kusali katika Misa ile, sawa na sisi sote. Nabii Ezekieli aliwajibu Waisraeli wa zamani zake, waliokuwa na methali yao ya baba walao zabibu mbichi na meno ya watoto yanayotiwa ganzi. Mungu aliwakataza wasiitumie tena: mwana hatabeba uovu wa baba, wala baba uovu wa mwana. Na mitume walipomwuliza Bwana Yesu habari za kipofu tangu kuzaliwa, kama aliyekosa ni yeye au wazazi wake, Bwana alikataa yote mawili.

WALIOLAZIMISHWA

Lipo bado jambo gumu kuliko hayo yote. Tangu vita vya Oktoba 1996, vilivyoanzia katika milima na uwanda wa Uvira, watoto wengi walivishwa silaha. Tuliwaita kadogo. Baadhi walikwenda kwa njaa, baadhi walikamatwa. Walipewa bangi, walipigwa, waliamrishwa kuua. Wengine wamerudi, na watu huwaogopa wakisema damu yao imeharibika. Damu yao haina neno. Ni nafsi iliyojeruhiwa, na mafundisho mabaya yaliyoingizwa kwa nguvu wakati hiari ilikuwa bado changa.

Kisa cha Dominic Ongwen wa Uganda chaonyesha ugumu wenyewe. Alikuwa mtoto wa Kiacholi mwenye miaka 9 hivi alipokamatwa na waasi wa Joseph Kony akienda shule. Akakua msituni, akawa kamanda. Alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Watetezi wake walisema ya kwamba akili yake ilikuwa na ugonjwa, na ya kwamba alitenda kwa kulazimishwa. Mahakimu waliwasikiliza waganga wa pande zote mbili, wakaona ya kwamba wakati wa makosa yale alikuwa mtu mzima, akipanga, akichagua, akiamuru. Tarehe 4 Februari 2021 walimwona na hatia katika mashtaka 61, na mwezi wa Mei wakamhukumu miaka 25. Lakini katika kupima adhabu walisema wazi ya kwamba hawakusahau yule mtoto wa njia ya shule, na kwa ajili yake walipunguza. Naona hapo mahakimu walipita karibu sana na mafundisho ya katekisimu: mateso ya mtoto hayakumfanya mtu mzima asiwe mwenye kuchagua, wala uchaguzi wa mtu mzima haukufuta mateso ya mtoto.

Basi turudi kwa wale vijana wawili tulioanza nao. Mwizi wa mbuzi hana uvimbe kichwani, wala bunduki haikuwekwa mgongoni mwake. Huenda alirithi moyo wa papara, na huenda njaa ilikuwapo; hayo na amwambie padri katika Kitubio, naye atayapima. Lakini mbuzi amrudishe kwanza. Na kijana mwana wa mwizi, katekista asilikate jina lake. Amfundishe kama wengine, amwangalie mwenendo kama wengine, na siku ya Pasaka ikifika apewe maji. Akiwaona wazee wale wawili, awaambie habari za Alessandro Serenelli wa Italia. Mama yake aliugua akili, baba yake alikuwa mlevi. Mwaka 1902, akiwa na miaka 20, alimchoma kisu Maria Goretti, msichana wa miaka 11 aliyekataa kutenda dhambi naye. Mahakama ilimpa miaka 30, akakaa gerezani 27. Maria, kabla ya kufa, alikuwa amemsamehe. Siku ya Noeli ya mwaka 1934 Alessandro alikwenda kwa Assunta, mama wa Maria, akamwomba msamaha, naye akampa. Wakaenda kanisani pamoja wakapokea Komunyo, mama na mwuaji wa binti yake, bega kwa bega. Alikufa mwaka 1970 katika nyumba ya watawa Wakapuchini, alikokuwa akitunza bustani.

Kabla hatujakutana tena, kila mmoja asome sura ya 18 ya nabii Ezekieli na sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee. Kisha amfikirie mtu mmoja wa kijijini kwake aitwaye mwana wa nyoka, naye aje tayari kumjibu katekista: mtu huyo, yeye mwenyewe, ametenda nini?